Osprey: kutotunguliwa si kufaulu

Mhariri,

Kila mjadala wa Osprey, ndege ya kijeshi ya Marekani inayogeuza injini na rafadha zake ili ipae na kutua kama helikopta kisha iruke kama ndege ya kawaida, unapofufuka, watetezi wake hukimbilia Iraq: ilikwenda vitani, haikutunguliwa hata moja, kesi imekwisha. Haikutunguliwa, ni kweli. Lakini ilipelekwa kufanya nini? MV-22, yaani Osprey za kikosi cha Marine cha Marekani, zilianza kazi katika kambi ya Al Asad, mkoa wa Anbar, mwishoni mwa 2007, mapigano ya mkoa ule yakiwa yameshapoa. Kazi kubwa ilikuwa kubeba watu na mizigo, na hapo ilifaa sana, maana mwendo wake ni karibu mara mbili ya ule wa CH-46, helikopta ya zamani ambayo Osprey ilikuja kuirithi. Kutua chini ya risasi ni habari nyingine. Bunduki yake ilifungwa kwenye mlango wa nyuma, kwa hiyo kule inakoelekea haikuwa na cha kujibu.

Majibu yapo karakana. Wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walitoa hesabu zao 2009: ndege zilizokuwa tayari kwa kazi huko Iraq ziliishia kati ya asilimia 57 na 68, ilhali kiwango kilichotakiwa ni 82. Injini iliyotarajiwa kudumu saa 500 hadi 600 haikufikisha 400. Spea zikikosekana, mafundi walichomoa kwenye Osprey nyingine. Ukiambiwa zipo kumi uwanjani, hesabu sita.

Sababu si siri. Rafadha zake mbili ni ndogo kwa uzito inaobeba, hivyo ikitua husukuma chini upepo mkali kuliko helikopta ya kawaida. Vumbi linatimka, injini zilizosimama wima zinalivuta, na mchanga unasaga mapanga ya kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa. Vichujio hupunguza tu, haviondoi. Nguvu ikishuka chini ya kiwango, injini inatolewa kwenye ndege.

Rekodi ya vita inaweza pia kuionea ndege. Katika vita vya Vietnam, F-111 sita, ndege za kivita za Marekani, zilipelekwa Takhli, Thailand, Machi 1968, na tatu zikapotea ndani ya wiki chache. Ajali moja ilikuja kuhusishwa na sehemu iliyochomelewa vibaya kwenye vali ya kuendeshea mkia. Bunduki za Vietnam Kaskazini hazikuhusika. Mwaka 1972 F-111 zilirudi zikiwa zimerekebishwa, zikaruka misheni zaidi ya 4,000, nyingi usiku na katika hali mbaya ya hewa.

Turudi kwa Osprey. Novemba 2023, CV-22, Osprey ya Jeshi la Anga la Marekani, ilianguka karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, wakafa wote wanane. Adui hakuwepo. Gia ilipasuka ndani ya giaboksi (sanduku la gia linalopeleka nguvu ya injini) ya rafadha ya kushoto, na kabla ya hapo kitambuzi kilikuwa kimeonya mara kadhaa juu ya vipande vya chuma kwenye oili. Wanaotuletea idadi ya ndege zilizorudi salama watuletee pia rekodi za vitambuzi hivyo, pamoja na saa ambazo kila giaboksi ilifanya kazi kabla ya kufunguliwa.

Msomaji wako