Tamasha la wanaosema mbele ya wanaosemwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wapenzi wa muziki tuna mchezo wetu: ukikabidhiwa tamasha la siku tatu, na fedha si tatizo, utamwita nani? Siku hizi mchezo umeongezewa sharti, kwamba waitwe wasanii wenye msimamo wa kisiasa tu. Nimesoma orodha nyingi za namna hiyo, na karibu zote zinanikera kwa jambo lilelile. Zinapangwa kwa kuangalia nani ana kelele nyingi. Mimi ningepanga kwa kuangalia nani aliwahi kusema mbele ya yule anayemsema.

Nieleze kwa usiku mmoja. Tarehe 22 Aprili 1978, mjini Kingston, Jamaika, lilifanyika tamasha la amani wakati wafuasi wa vyama viwili wakiuana mitaani. Bob Marley, ambaye Desemba 1976 alipigwa risasi nyumbani kwake siku mbili tu kabla ya onyesho, alimwita jukwaani Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga, akaishika mikono yao na kuiunganisha juu ya kichwa chake. Picha ile inajulikana dunia nzima. Kinachosahaulika ni kwamba usiku uleule, kabla ya Marley, mwanareggae Peter Tosh alisimama mbele ya viongozi haohao, akakatisha muziki na kuwahutubia kuhusu umaskini, polisi na mfumo mzima waliourithi kwa wakoloni. Hakumshika mtu mkono. Miezi mitano baadaye polisi walimkamata wakampiga vibaya sana. Vita vya mitaani navyo havikukoma. Kampeni za uchaguzi wa 1980 ziliua mamia ya watu.

Simdharau Marley, na mtu aliyepanda jukwaani akiwa na jeraha la risasi hana deni la ushujaa kwa yeyote. Lakini katika orodha yangu nafasi ya mwisho ya usiku, ile ya heshima, ni ya mtu wa aina ya Tosh.

Kwa kipimo hicho wa kwanza kuandikiwa barua ya mwaliko ni Thomas Mapfumo wa Zimbabwe. Mwaka 1977 serikali ya walowezi ilimweka kizuizini kwa nyimbo zake, ambazo magitaa yake hupigwa yakiufuata mlio wa mbira, ala ya jadi ya Washona, na maneno yake yamejaa mafumbo ya Kishona ambayo mkulima aliyaelewa kabla ya askari. Hilo pekee lingetosha kumpa heshima. Ila uhuru ulipopatikana hakugeuka kuwa mwimbaji wa ikulu. Mwaka 1989 aliimba waziwazi kuhusu rushwa ya wale aliowaimbia wakiwa msituni, na mwisho akaishia kuishi uhamishoni Marekani kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018 aliporudi kupiga muziki Harare baada ya Mugabe kuondoka. Watu walioimba dhidi ya mkoloni ni wengi. Walioendelea kuimba mwenzao alipokaa kwenye kile kiti ni wachache mno.

Jumamosi ningeitoa kwa hip hop ya Afrika Magharibi na ya Angola. Kundi la Keur Gui la Senegali walikuwa miongoni mwa walioanzisha vuguvugu la Y'en a Marre («Tumechoka») mwaka 2011, wakawahimiza vijana wajiandikishe kupiga kura, na mwaka uliofuata Rais Abdoulaye Wade akashindwa uchaguzi. Rapa Smockey wa Burkina Faso alianzisha vuguvugu la raia la Balai Citoyen pamoja na mwanareggae Sams'K Le Jah. Oktoba 2014 Rais Blaise Compaoré aliondoka baada ya miaka 27 madarakani. Mwaka mmoja baadaye, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali ya mpito, studio ya Smockey ilipigwa kwa roketi. Studio nzima, na mashine zake. Ukitaka kujua kama mtawala anasikiliza muziki, tazama silaha zake anazielekeza wapi. Na rapa Luaty Beirão wa Angola, aliyekamatwa Juni 2015 na wenzake na kugoma kula kwa siku 36 akiwa mahabusu, naye nampa saa nzima.

Kutoka Tanzania namwita Nay wa Mitego, kwa sababu kisa chake hakieleweki kwa haraka. Machi 2017 alikamatwa kwa wimbo wake «Wapo», kesho yake akaachiwa kwa maagizo ya Rais John Magufuli mwenyewe, ambaye alisema ameupenda na kutaka uendelee kupigwa. Wengi walishangilia. Haikupita hata wiki mbili, Roma Mkatoliki akatekwa studio pamoja na wenzake, wakapatikana baada ya siku kadhaa wakiwa wameumizwa. Wimbo unaoimbwa kwa ruhusa ya mkubwa unaweza kuzimwa na mkubwa huyohuyo, na ningependa kuwasikia wasanii hao wawili wakilizungumza hilo jukwaani, bila haraka.

Kuna anayesemwa mwingine tunayemsahau, naye ni hadhira ya msanii mwenyewe. Kuimba dhidi ya rais anayechukiwa na kila aliyenunua tiketi hakugharimu kitu. Ndiyo maana ningewaalika The Chicks, wanawake watatu wa muziki wa country kutoka Texas. Machi 2003, siku chache kabla ya Iraki kuvamiwa, mwimbaji wao Natalie Maines alisema jukwaani London kwamba wanaona aibu rais wa Marekani kutoka jimbo lao. Alisema akiwa ugenini, ni kweli, lakini maneno yalifika nyumbani, na vituo vya redio vya country vikawatupa. Waliowageuka ni wapenzi wao wenyewe, watu walioujua kila ubeti. Mwanamuziki wa roki wa mrengo wa kushoto angesema maneno yaleyale na kupigiwa makofi.

Kuna watakaosema muziki ni burudani, siasa waachiwe wanasiasa. Hoja hii naichukia. Mwimbaji anayepandishwa kwenye jukwaa la kampeni kumsifu mgombea, akalipwa na kupewa fulana, haambiwi kwamba anachanganya muziki na siasa. Anaambiwa hivyo yule anayekosoa tu. Wenye kutoa hoja hii waanze kuwafukuza waimbaji wa sifa, halafu tuzungumze.

Marehemu nao wana nafasi. Alasiri ya Jumapili bendi moja nzuri ipige nyimbo za Miriam Makeba, aliyezungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1963 dhidi ya ubaguzi wa rangi akiwa tayari amenyang'anywa pasipoti, na aliyeanguka akafariki Novemba 2008 baada ya kuimba Castel Volturno, Italia, katika onyesho la kumuunga mkono mwandishi aliyetishiwa na majambazi wa Camorra. Alikuwa na miaka 76. Kisha zifuate za Azagaia wa Msumbiji. Alipofariki Machi 2023 vijana waliandamana kwa amani kumuenzi, polisi wakawapiga mabomu ya machozi. Ni nadra kuona serikali ikiogopa wimbo hata baada ya mwimbaji kuzikwa.

Sasa waandaaji, kwa sababu hapo ndipo tamasha kama hili hufa, mara nyingi kabla polisi hawajafika. Wote tunalikumbuka tamasha la Wembley, London, 11 Juni 1988, siku ya kumuadhimisha Mandela akielekea kutimiza miaka 70 akiwa bado kifungoni, na Tracy Chapman alipotoka na gitaa lake peke yake kuziba pengo kwa kuwa diski ya kinanda cha kielektroniki cha Stevie Wonder ilikosekana. Tusisahau kwamba kituo cha televisheni kilichorusha onyesho lile Marekani kilikata sehemu kubwa ya maneno ya kisiasa, watazamaji wa huko wakaona burudani tu. Kwa hiyo mkataba wa tamasha langu una vifungu viwili ambavyo haviguswi: mdhamini hasomi mashairi ya mtu kabla hajapanda, na anayerusha matangazo anarusha yote au harushi kabisa. Mdhamini asiyekubali aende akadhamini mechi.

Kiingilio nacho ni siasa. Agosti 1972, miaka saba baada ya machafuko ya Watts, eneo la Weusi mjini Los Angeles, kampuni ya kurekodi muziki ya Stax iliandaa tamasha kwenye uwanja wa Coliseum mjini humo kwa kiingilio cha dola 1, na watu wapatao laki moja wakajaa, wengi wao wenyeji wa mitaa iliyoungua. Leo matamasha ya «harakati» yana maeneo ya watu maalumu, yenye viti na vinywaji, na uzio unaowatenga na wengine. Kwangu uzio huo haupo. Waziri akitaka kuja, aje, asimame mbele kabisa, amsikie anayemwimba.

Nafasi ya kufungua pazia Ijumaa nimeiacha wazi kwa makusudi. Naomba wasomaji wenzangu watume majina kupitia ukurasa huu, kwa masharti mawili: awe ni msanii ambaye wimbo wake umefungiwa nchini kwake, na wimbo wenyewe uwe mzuri kiasi cha mtu kuusikiliza hata kama hajui umefungiwa kwa nini.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa muziki