Mwandishi wenu hakuuliza kina cha maji

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kuandika. Ila ile taarifa yenu ya mgodi wa makaa ya mawe, iliyowatoa wanavijiji hofu ya maji yao kwa sababu tu mgodi "umechimba visima vya uangalizi", yaani vile vya bomba vya kupimia kina cha maji ya ardhini, imenikosesha usingizi. Visima vimechimbwa, sawa. Vinapimwa na nani, na lini? Kabla mgodi haujaanza maji yalikuwa mita ngapi, masika na kiangazi? Mwandishi wenu hakuuliza hata moja.

Mimi ni fundi pampu mstaafu hapa Moshi. Makaa ya mawe huku hatuna, lakini niliwahi kuchukuliwa mbali kupima kina cha maji kuzunguka mgodi mmoja wa chini ya ardhi, ambao jina lake nalihifadhi. Nilikabidhiwa daftari la miezi iliyotangulia ili niendeleze. Kisima cha nne: mita 18.40. Mwezi uliofuata, 18.40. Mvua zimenyesha, 18.40. Kiangazi kikali, 18.40. Mhariri, maji ya ardhini hayakai hivyo. Hata mgandamizo wa hewa ukibadilika tu yanaweza kupanda au kushuka sentimita kadhaa, sembuse mwaka mzima jirani na pampu zinazonyonya maji ya mahandaki usiku na mchana! Nikafungua kifuniko, nikakuta nyumba ya nyigu imekauka mdomoni mwa bomba. Nikaiondoa, nikateremsha utepe wa kupimia, ule wenye kengele inayolia ukigusa maji. Ukagota mita 11. Kimya. Nikauvuta, nikaurudisha mara tatu, nasikia tu kok, kok. Jiwe lilikuwa limenasa ndani ya bomba. Hiyo 18.40 waliipimaje? Nilipomweleza msimamizi, akaniambia niandike ile ile, jedwali lisiharibike. Nikakataa, na kibarua changu kikaota nyasi.

Siku ile ile, bondeni, mama mmoja alinionyesha kamba ya ndoo yake. Ilikuwa na mafundo matatu. Kila ndoo ikishindwa kufika majini, anaunga kipande. Cha mwisho kilikuwa manila ya bluu, bado inang'aa. Nikainyoosha mikononi, ikapata pima moja kamili. Hakuna mtu wa mgodini aliyewahi kumuuliza habari ya kamba ile.

Na kisima kimoja kimoja hakitoshi. Paa la handaki likiporomoka, nyufa hupanda na zinaweza kunyonya maji ya tabaka la juu, yale ya visima vya watu, wakati ya chini yana mwendo wake. Kwa hiyo pale pale viwepo viwili, kifupi na kirefu. Mgodi ukifungwa na pampu kuzimwa, maji hurudi polepole, pengine kwa miaka, yakipita kwenye mawe yenye chuma na salfa, na yanaweza kutokea bondeni yakiwa na rangi ya kutu. Huo si wakati wa kukunja utepe na kuondoka.

Huku kwetu nako hatuna la kujivunia. Mtaani kwangu Pasua gari la kuchimba linaingia Ijumaa jioni, Jumapili limeshaondoka, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayotaka kibali hakuna anayeikumbuka. Pampu ikiungua naitwa. Nauliza, "Maji yako mita ngapi?" Najibiwa, "Ni kirefu tu, fundi." Mwenye nyumba anajua bei ya vigae vyake vya chooni hadi shilingi ya mwisho, kina cha kisima chake hajui! Watoto wake watakunywa nini?

Napendekeza hivi. Kila kisima cha uangalizi kifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja wa mgodi, mwingine wa kamati ya maji ya kijiji. Kipimwe Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, pande zote mbili zikiwepo, na namba iandikwe kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla haijaingia kwenye daftari la mgodi.

Mwandishi wenu akirudi huko aende na utepe wa mita 100. Kama hana, apite Pasua, nitamwazima wangu.

Fundi pampu mstaafu,
Pasua, Moshi