Nimfunge Saburi au nimwachie?

Shangazi, asalamu alaikum.

Mimi ni mjane wa miaka 59, mkaazi wa Langoni, Lamu. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni nashona kofia. Kinachoninyima usingizi ni punda wangu, Saburi. Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na wakwe, lakini hapa kwetu mtu na punda huishi mlango kwa mlango, na karibu kila niliyemuuliza amenijibu neno moja tu: muuze.

Waliingia mikononi mwangu wawili, miaka minne iliyopita. Mtu mmoja wa kusomba mchanga na mawe kutoka gatini alikuwa akiwapitisha kichochoroni kwetu, na yule wa mbele akaanguka mbele ya daka langu. Aliposhushwa shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, tuliona kidonda mgongoni kilichooza hadi watu wakaziba pua. Huyo ndiye Saburi. Mwenzake, niliyekuja kumwita Lulu, kwato zake zilikuwa zimerefuka na kupinda juu, anatembea kama anayekanyaga makaa. Yule bwana alisema hawa hawana kazi tena, atawaacha watajua wenyewe pa kwenda. Nikamwambia, basi nipe mimi. Akanipa mbele ya majirani wawili, bila hata senti.

Msemo wetu ni punda afe mzigo ufike. Nimeusikia tangu utotoni. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi, na kila jiwe la nyumba alizojenga lilipanda kwa mgongo wa punda. Naye akiusema kila siku, nami sikuwahi kuutafakari. Siku ile kichochoroni ndipo niliposikia lile neno "afe".

Niliwapeleka kwenye kituo cha punda pale ufukweni, kile kilichofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Waingereza, wakatibiwa bila malipo. Kwato za Lulu zilipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, maana zikikatwa zote kwa mara moja mnyama huumia zaidi. Kidonda cha Saburi nilifundishwa kukiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mwanzoni alikuwa akitetemeka nikimsogelea kwa nyuma, hata kama nimebeba maji tu. Kilipofunga, manyoya yaliota meupe mahali pale, na hadi leo ana baka jeupe mgongoni, upana wa kiganja.

Nikwambie raha yake, usije ukadhani nimepata machungu peke yake. Miezi ya kwanza hawakulia hata mara moja. Hebu fikiria, Shangazi, punda asiyelia. Kisha alfajiri moja, kabla ya adhana, nikiwa nasukuma unga, Saburi alitoa mlio mrefu kutoka kwenye lile gofu, nyumba iliyobomoka, lililo nyuma ya nyumba yangu, na Lulu akamjibu. Niliweka mti wa kusukumia chini, nikalia mimi pia. Tangu siku hiyo ilikuwa desturi: nikiwasha moto wa mahamri wananiita, nami nawapelekea maji, na Saburi ananiwekea kidevu begani na kukiacha hapo, kizito, akipumua. Tangu mume wangu afariki hapakuwa na kiumbe aliyeningoja niamke.

Kosa langu ni hili. Kama wenye punda wengi hapa mjini, asubuhi niliwafungulia wajitafutie, magharibi warudi wenyewe. Lakini vichochoroni hakuna nyasi, kuna majaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, ila kamba za nailoni, viroba, vipande vya nyavu na vifungashio vya vyakula bado vimezagaa, na punda mwenye njaa hatenganishi ganda la embe na mfuko uliolibeba. Nilikuwa nikiwaona wakitafuna maboksi, nikasema tumbo la punda ni gumu. Nilitibu mgongo na kwato, tumbo nikaliachia mtaa.

Mwezi wa Rajabu Lulu akaacha kula. Anajilaza, anainuka, anageuka kuangalia ubavu wake, anajilaza tena, na siku nzima hakutoa kinyesi. Daktari alimpitishia mpira puani, akamwaga dawa, akamchoma sindano ya maumivu, akakesha naye. Asubuhi aliniambia utumbo umeziba na njia iliyobaki ni kumpumzisha kwa kifo kisicho na maumivu. Nilisema ndiyo. Hilo "ndiyo" hunirudia usiku. Baadaye walipompasua niliomba nione, nami sishauri mtu aombe. Lilitoka donge kubwa kupita nazi, kamba na mifuko na vitambaa vimesokotana.

Daktari alitaka Saburi aachwe kwanza na mwenzake, maana punda hushikana wawili wawili, na aliyebaki akinyang'anywa mwenziwe bila kumwona humtafuta siku nyingi. Saburi alimnusa uso, akamsukuma shingo kwa mdomo mara mbili, tatu, kisha akasimama tu. Halafu akagoma kula. Hapo nilijifunza jambo nisilolijua: punda akisusa chakula kwa huzuni, mafuta ya mwili wake humwagika kwenye damu, na hilo peke yake huweza kumuua. Siku tatu nilikaa naye gofuni nikimlisha pumba ya vuguvugu kwa mkono, na ya nne akaanza kutafuna mwenyewe.

Tangu hapo sijamtoa nje. Ni wiki ya tano sasa. Namfunga, namnunulia majani na pumba, shilingi 200 kwa siku, wakati faida ya mahamri haifiki 700. Plastiki hali. Lakini ikifika magharibi husimama ameelekea mlangoni, analia, ananyamaza kana kwamba anangoja ajibiwe. Ameanza kutafuna ubao wa mlango. Ijumaa iliyopita khatibu alieleza habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia chakula chake ardhini. Niliyasikia kwa kipaza sauti nikiwa mkekani. Mimi Saburi namlisha, Mungu ni shahidi wangu. Ila kule kumfungia kulinishika moyo nikashindwa kuinuka.

Mwanangu aliye Mombasa ndiye wa kwanza kusema niuze. Nimuuzie nani? Anayenunua punda Lamu ananunua mgongo, na ule wa Saburi naujua ulivyo chini ya yale manyoya meupe. Wala sijasahau miaka ile vichinjio vya punda vilipofunguliwa bara kwa ajili ya ngozi za kwenda China, punda wakaibwa usiku na kuchunwa porini. Wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Februari 2024 biashara hiyo isimamishwe, lakini mwizi hangoji ruhusa ya mkutano.

Shemeji yangu wa Matondoni amesema nimpe yeye. Ana punda watano, kuna nyasi, na taka ni chache kuliko mjini. Ameahidi Saburi hatabeba chochote. Si mtu mbaya. Lakini watoto wake wanasomeshwa na nazi na makuti yanayobebwa na punda hao, na siku mmoja wao akichechemea na mzigo upo, ahadi aliyompa mjane wa mjini itasimama? Nami nitajuaje?

Kituoni nao wameniambia yupo punda jike mzee asiye na mwenyewe, angemfaa Saburi kwa uenzi, nikiwafungia wote gofuni. Hiyo ni shilingi 400 kila siku. Tena daktari alimtazama Saburi meno, akakisia ana miaka 12, na punda aliyetunzwa hufika 30 na zaidi. Nikijaliwa kufika huko nitakuwa na 77. Na nikiri jingine, Shangazi: huyo punda mzee sijaenda hata kumwangalia. Nikimwona nitamchukua, kisha siku moja nitasimama tena mbele ya daktari na kutakiwa kusema ndiyo.

Nifanye nini? Nimpeleke Matondoni kwenye nyasi na wenzake, nikubali kuwa huenda akatandikwa shogi tena? Au nibaki naye, nimletee mwenziwe, nikiwa sijui nani atawalisha mimi nisipokuwepo? Kama kuna msomaji aliyewahi kumkabidhi mtu mwingine mnyama aliyemponya kwa mikono yake, naomba aniambie ilikuwaje baada ya hapo.

Shemeji amenipa muda hadi mwezi wa Ramadhani uandame.

Mama wa Saburi,
Langoni, Lamu