Kigego wa siku hizi: barua kwa wazazi vijana wa ukoo wetu

Wanangu, na ninyi wakwe zangu,

Marahaba. Naitikia mapema kabisa, hata kwa wale watakaosoma kimyakimya bila kuniamkia, maana nawajua.

Mvua imeshika tangu saa tisa usiku na milima ya Uluguru siioni kwa ukungu. Masika ya namna hii kwa kawaida hunifanya niimbe jikoni. Leo siimbi. Tangu Jumapili nina dukuduku, nimelala nalo siku tatu, na nimeona nikikaa nalo zaidi litanipandisha presha.

Jumapili mlinialika kwenye sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Sitaji ni wa nani. Nikaja na jogoo wangu na mafungu mawili ya majani ya maboga, nikakuta maputo, keki ya ghorofa mbili na kijana wa kamera. Sherehe sina ugomvi nayo, na pilau ilikuwa nzuri. Kilichonichoma kilikuja baada ya keki. Mtoto alisimamishwa mwanzo wa mkeka, watu wazima kumi na mmoja (niliwahesabu) wakajipanga upande wa pili, kila mmoja kainua simu, wakawa wanamwita kama makonda wanaogombania abiria. Njoo! Njoo huku! Mtoto akatazama upande ule, hakuona uso hata mmoja, ni simu tupu. Akakaa kitako. Akasimamishwa. Akakaa tena. Mara ya tatu akaangua kilio, na mama yake akanong'ona, mnong'ono uliosikika mpaka jikoni: "Mwenzake wa Dodoma katembea na miezi tisa."

Sasa niwaambie nilichokiona mimi niliyekuwa nimekaa chini mkekani, kwa sababu magoti yangu hayapendi vile viti vyenu vya plastiki. Usiku wa kuamkia siku ile kumbikumbi walitoka, na mbawa zao zilikuwa zimezagaa baraza zima. Yule mtoto alipokaa mara ya pili, aliona ubawa mmoja umenata kwenye kigae. Akausogelea. Akatanguliza kidole cha shahada, akaleta kidole gumba, akaubana kwa ncha za vidole viwili, akauinua mpaka karibu na pua yake akawa anautazama mwangaza unavyopita ndani yake. Ubawa wa kumbikumbi, wanangu, ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka 31. Mtoto wa miezi sita hawezi kufanya vile, yeye hukomba kwa kiganja kizima kama mtu anayezoa pumba. Vidole vile viwili ndivyo vitakavyoshika penseli, ndivyo vitakavyotia uzi kwenye sindano. Ilikuwa hatua kubwa kuliko yote ya siku ile, na katika simu zote zile hakuna hata moja iliyomwelekea chini.

Wazee wetu walikuwa na neno kigego. Vijana wengi hamlijui, na heri msingelihitaji. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Basi kosa lake ndilo hilo tu. Ilisemekana analeta mkosi nyumbani, na zamani katika baadhi ya makabila yetu watoto hao waliuawa au kutupwa porini kwa ajili ya jino. Bibi yangu alikuwa akilitaja neno lile kwa kushusha sauti. Leo mkisikia mnatikisa kichwa, mnasema ujinga wa kale. Na mimi nawauliza, ninyi mmefanya nini kama si kutafuta kigego mwingine? Mtoto asiyetembea siku anapokata keki ya mwaka mmoja, huyo ndiye kigego wenu. Hamumtupi porini, la. Mnamtoa tu kwenye kundi letu la WhatsApp. Tangu Januari sijaona picha ya mtoto anayetambaa mle ndani, ni wanaotembea na wanaohesabu moja mpaka kumi kwa Kiingereza.

Mnapenda takwimu, basi chukueni hizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Katika watoto hao wapo waliotembea wenyewe baada tu ya kutimiza miezi 8, na wapo waliosubiri mpaka miezi 17 na nusu. Wote wazima. Kukaa bila kuegemezwa, wapo wa karibu miezi 4 na wapo wa miezi 9. Na kama wanne katika kila mia hawakutambaa kwa magoti na mikono hata siku moja, waliserereka kwa makalio au waliruka hatua hiyo wakasimama. Yule wa Dodoma hajamshinda mtu. Ametembea, basi, Mungu amjalie.

Msidhani nasema haya kwa sababu mimi nilikuwa mwerevu. Mtoto wangu wa tatu alifika miezi kumi na nne hajapiga hatua, na mama mkwe, Mungu amrehemu, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akamtia mtoto mpaka kiunoni, akamjazia mchanga ili miguu ishike. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya kazi, natoka kuwafundisha kina mama wenzangu kliniki. Nilisimama mlangoni nikatazama. Sikusema kitu, kwa sababu moyoni nilikuwa nataka atembee kabla ya Pasaka, tuende kwa shangazi zake akiwa anatembea. Alilia mpaka sauti ikakauka. Akatembea na miezi kumi na sita, siku ambayo hakuna aliyemtuma, akimfuata bata. Mnamfahamu nyote, ndiye anayeendesha lori la mizigo mpaka Tunduma. Kuhusu shimo hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka.

Hicho kigari cha magurudumu mnachokiita woka ni shimo lile lile, tofauti yake ina muziki na taa. Mtoto anayening'inia mle anasukuma kwa ncha za vidole, miguu yake haioni, na mizani ya mwili hajifunzi kwa sababu hana haja ya kujishikilia. Tena anakwenda mbio kuliko akili yake. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004, baada ya watoto wengi mno kuporomoka navyo ngazini. Na sisi hatuhitaji kwenda Kanada. Masika iliyopita, kwenye nyumba mojawapo ya humu humu ukooni, vigae vimelowa, kigari kilitoka sebuleni kikashuka vidato vitatu vya baraza na mtoto ndani yake. Nyuzi nne kwenye paji la uso, nilimshika kichwa mimi mwenyewe alipokuwa anashonwa. Wiki mbili baadaye nikakikuta kile kigari kimeoshwa na kimerudi sebuleni.

Mengine nayasema kwa kifupi, maana mliyasikia kliniki. Maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, hata maji asipewe. Chanjo ya surua na rubella ni mara mbili, miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya 18 ndiyo mnayoisahau kwa kuwa mtoto ameshanawiri. Chandarua kila usiku, masika zaidi. Akiharisha, ORS na vidonge vya zinki, na mwendelee kumnyonyesha. Unga wa lishe wenye nafaka kumi na mbili sijui mmeutoa wapi. Katuni za simu kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, hapana.

Lakini kuna pahali ambapo kungoja ni kosa, na hapo nataka mnisikilize vizuri. Mtoto wa miezi minne ambaye shingo bado inaanguka. Wa miezi tisa asiyekaa. Wa miezi kumi na minane asiyetembea. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, asiyegeuka ukimwita, au aliyekuwa anaweza jambo kisha akaliacha. Huyo apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Asiende kwanza kwa mganga, wala msikae kusubiri ushauri wa shoga yenu wa mtandaoni. Nimewapokea watoto wengi wenye mtindio wa ubongo walioletwa wakiwa na miaka minne, mitano, viungo vimeshakakamaa, na ukimuuliza mama mlikuwa wapi siku zote, anainamisha kichwa. Walikuwa chumba cha ndani. Walifichwa kwa sababu majirani wangeuliza mbona hatembei. Mazoezi yangeanza mapema, mengi yangewezekana. Mnaona sasa kwa nini lile swali la "wa kwako je?" linanitia hasira? Mwenye mtoto mzima linamkera tu. Mwenye mtoto mgonjwa linamfungia mlango.

Na tusiwabebeshe wazazi mzigo wote. Kuna chekechea mjini inayowafanyia usaili watoto wa miaka mitatu, kisha mwisho wa mwaka inawavalisha joho na kofia ya chuo kikuu kwa malipo. Mtoto hajang'oa jino la kwanza, tayari ni mhitimu! Nimehudhuria mahafali hayo, nimepiga makofi, na aibu yangu naikiri hapa.

Haya. Nilianza kwa mvua, nirudi kwenye mvua. Masika haya yana mambo ambayo mtoto hafundishwi kwa kuitwa upande wa pili wa mkeka. Jumamosi ijayo waleteni wote kwangu, wanaotembea, wanaotambaa na wanaobebwa. Kila mwenye vidole atapewa mbegu tano za maharage apande mwenyewe karibu na mahindi yangu. Yatachomoza ndani ya wiki, yameinamisha shingo, na najua wapo watakaoyafukua siku ya pili kuangalia yamefika wapi. Waacheni wafukue. Madimbwi yapo, ya maji ya paa, siyo ya mtaroni ambako masika kila choo cha mtaa hutapika. Nguo za kubadilisha muwe nazo, jozi mbili mbili. Jioni kumbikumbi wakitoka tutaweka beseni la maji chini ya taa ya nje, na aliyekwisha ota magego atakaangiwa na chumvi kidogo.

Simu zitakaa kwenye ungo juu ya kabati langu, pamoja na yangu. Woka isivuke geti.

Na yule mtoto wa Jumapili aletwe mapema, kabla sijafagia baraza.

Bibi yenu,
Morogoro