Barua ya wazi kwa afisa wa vibali: kuandika "vifaa vifanane" hakutoshi

Ndugu Afisa,

Kibali cha kukarabati nyumba ya mawe katika vijiji vya Cotswolds, Uingereza, kikisema tu "vifaa vifanane na vya awali", mkandarasi anaweza kutia saruji rangi ya manjano akadai ametii. Kwa macho inafanana. Kwa ukuta ni balaa.

Chukua Arlington Row, kijijini Bibury: ghala la sufu la mnamo 1380, lililogeuzwa nyumba za wafumaji karne ya 17. Jiwe la huko ni la chokaa, lenye vinyweleo. Ukuta wa nyumba kama hizi kwa kawaida una nyuso mbili za mawe na kifusi katikati, unene wa sentimita 50 au zaidi, bila tabaka la kuzuia unyevu. Maji yakiingia hutoka kupitia viungo, yaani nafasi kati ya jiwe na jiwe, kwa kuwa chokaa iliyojazwa humo ni laini na hupitisha unyevu kuliko jiwe. Viungo vikizibwa kwa saruji, maji hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Chumvi na barafu hulibambua uso, saruji ikabaki imetokeza peke yake. Hata kusiko na barafu, waashi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wameyaona madhara ya saruji kwenye kuta za mawe ya matumbawe.

Kwa hiyo kibali kitaje mchanganyiko: chokaa 1 kwa mchanga 2.5 hadi 3, mchanga mkali (wenye punje za pembepembe), uliooshwa, wenye punje kubwa na ndogo. Viungo vichimbwe kwa tindo na nyundo, kina mara 2 ya upana wake. Grainda ipigwe marufuku; diski hula kingo za mawe, na kingo zikishaliwa hazirudi. Kiungo kiloweshwe kabla ya kujazwa, na chokaa ikianza kushika igongwe kwa brashi ngumu. Kisha yatundikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa zaidi, halafu chokaa ikigeuka unga, lawama huipata chokaa.

Paa nalo lina kanuni zake. Vigae ni vya mawe, vikubwa kwenye upenu na vidogo juu kwenye mgongo, vikining'inia kwa vigingi vya mwaloni kwenye fito. Mteremko ni nyuzi 50 hivi au zaidi, kwa sababu vigae hivyo havikai bapa kabisa na maji yakizubaa hupenya. Uzito unakaribia tani 1 kwa kila mita za mraba 10. Fundi akivua paa, avipange vigae chini kwa urefu kabla ya kuhesabu vinavyopungua, kwani vingi hufaa tena ncha iliyooza ikikatwa. Vigae vya zege vya saizi moja vikatazwe. Katika kijiji cha Stonesfield, mawe yaliyochimbwa yaliachwa yakiwa na maji ili barafu iyapasue kuwa vigae. Kazi hiyo ilikoma mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo kigae kinachotupwa leo ni vigumu kukipata tena.

Tunaomba pia kila kibali kidai sampuli ya ukuta ya mita 1 ya mraba, uikague ikiwa imekauka, ndipo kazi iendelee. Na kwa kuwa chokaa haishiki vizuri chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kazi ya viungo iliyoombwa Novemba ipewe tarehe ya kuanza Aprili.

Waashi wa chokaa