Kabla hujachagua kichwa cha treni, kipindue

Kwako Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wa Tanga katika ukurasa huu, yule ambaye shemeji yake amemletea kutoka Uingereza vichwa viwili vya zamani vya treni za mezani na kumwambia achague kimoja. Kimoja ni cha chuma, chapa ya Hornby Dublo. Kingine ni cha plastiki, chapa ya Tri-ang. Wiki iliyofuata akajibiwa na mwenzetu kwa mstari mmoja tu: chukua cha chuma, plastiki ni takataka. Naomba nafasi nipinge, kwa sababu ushauri kama huo niliwahi kujipa mwenyewe na nikaulipia.

Mimi ni fundi mstaafu wa reli. Niliingia karakana mwaka 1972, kijana wa miaka kumi na minane, enzi za East African Railways, wakati Garratt za Class 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke, zingali zikipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer Peacock wa Manchester, kila moja ina jina la mlima na uzito wa zaidi ya tani 250. Anayetaka kuiona aende makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai ingali imesimama pale. Rangi yake damu ya mzee. Hiyo rangi ishike, Mhariri, ndiyo iliyoniponza.

Chumbani walimokuwa wakilala watoto nina ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, umewekwa juu ya miguu ya meza mbili za zamani. Mke wangu anauita kitanda cha maiti kwa vile tukimaliza tunaufunika shuka jeupe. Juu yake kuna reli za kawaida, mistari miwili, na kisanduku cha umeme cha volti 12. Mwaka 2019 kijana wangu aliyeko Leicester akanitumia picha mbili kwenye simu: Duchess of Atholl ya Dublo, na Princess Elizabeth ya Tri-ang. Bei ya Duchess ilikuwa karibu mara tatu ya mwenzake. "Baba, chagua." Nilichagua kabla kahawa haijapoa. Ilikuwa ya chuma, nzito, na damu ya mzee kutoka pua hadi mkia. Muuzaji alisema inatembea, na kweli hakudanganya.

Ilipofika niliipangusa, nikaitia tone la mafuta ya cherehani, nikaiweka relini huku wajukuu wameuzunguka ubao. Nikazungusha swichi. Tak! Kisanduku kikajizima. Nikakiacha kipoe, nikajaribu tena. Tak! Mjukuu mdogo akaniuliza, "Babu, imekufa?" Nikaigeuza juu chini ndipo nikaona ulimi wa chuma katikati ya tumbo, na mwili mzima ukanifa ganzi kwa aibu. Miaka yote ile karakana, na sikuuliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilipoanzisha Dublo mwaka 1938 iliweka reli tatu. Umeme unaingia kwa ule mstari wa kati kupitia ulimi, unarudi kwa mistari ya pembeni kupitia magurudumu. Kwa hiyo magurudumu yote ni chuma kitupu na ekseli ni chuma kitupu, kulia na kushoto ni kitu kimoja. Tri-ang, na baadhi ya vichwa vya Dublo kuanzia 1959, vinatumia reli mbili, mstari mmoja chanya na wa pili hasi, na magurudumu ya upande mmoja yametengwa na ya upande wa pili. Ukiiweka Duchess ya reli tatu juu ya reli mbili umezifunga nyaya mbili kwa spana. Lazima ipige shoti.

Hapa Mombasa tunalo somo kubwa la mambo haya. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, ile mpya ya SGR milimita 1,435, na hata mtoto anaona kwamba kichwa cha huku hakiwezi kukanyaga kule. Treni za mezani ni laghai zaidi. Dublo na Tri-ang zote zina upana wa milimita 16.5, zinakaa relini sawasawa, na macho hayakuonyi chochote. (Kwa watu wa vipimo: treni hizi ni ndogo mara 76 kuliko treni halisi, kwa hiyo upana huo kwenye treni halisi ungekuwa kama mita moja na robo. Si reli yetu, si SGR, wala si ya Uingereza kwenyewe. Mara ya kwanza nilipopiga hesabu hiyo nilicheka peke yangu.)

Kwa hiyo ndugu yangu wa Tanga asianze na chuma wala plastiki. Avipindue. Achukue mita ya umeme, au betri na balbu ya tochi, agusishe gurudumu la kulia na la kushoto kwenye ekseli moja. Balbu ikiwaka kama kawaida, hicho ni cha reli tatu, na bila reli zake hakitakwenda popote. Kukigeuza kiwe cha reli mbili ni kubadilisha magurudumu yote na njia ya umeme, kazi ya mtu mwenye mashine ya kerezo na subira.

Ile Princess kijana aliniletea mwaka uliofuata, nadhani kwa huruma. Siisifu kwa uzuri. Ila ina mota ya wazi ambayo unaiona yote bila kufungua kitu: sumaku, koili, brashi mbili za kaboni, na springi moja inayozibana brashi zote mbili kwa miguu yake. Mguu mmoja wa springi umevishwa kimpira chembamba kama punje ya mchele, ili umeme usiukimbilie mwili. Mjukuu alikipoteza kile kimpira sikukuu ya Idi, treni ikagoma. Nilikata ganda la waya wa simu, milimita nne hivi, nikauvisha mguu, ikaondoka. Brashi zake bado zinauzwa hadi leo, na bei yake haimkimbizi mstaafu.

Plastiki nayo ina ila zake, sikatai. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 hujipinda, hivyo akilaze kichwa juu ya kioo cha dirisha aone kama kinalala sawa, na akikinunua asikiweke penye jua. Lakini chuma cha Dublo si chuma hasa, ni aloi ya zinki, na vile vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi huvimba na kupasuka vyenyewe kwa uchafu uliochanganyika nayo kiwandani. Ufa mwembamba kama unywele ukiuona, rudisha. Na akiletewa cha tatu kutoka Ujerumani, Märklin, ajue huo ni ulimwengu mwingine kabisa, hata umeme wake si wa aina moja na hivi viwili.

Kwa nyumba yenye reli mbili, basi, mimi ningechukua Tri-ang bila kusita.

Duchess yangu ingali kabatini, nimeifunga kwa kitambaa cha kanzu kuukuu kwa sababu ya chumvi ya bahari. Natafuta reli za Dublo zenye mstari wa kati, mzunguko mmoja unanitosha, hata zikiwa na kutu. Katika nyumba za zamani za Mombasa na Tanga kuna masanduku darini ambayo hayajafunguliwa tangu wenyewe wahame. Aliye nazo amwandikie mhariri. Nitampa mabehewa matatu ya Tri-ang, na kama ana cherehani mbovu nitamtengenezea bure.

Fundi mstaafu wa reli,
Changamwe, Mombasa