Arobaini yetu mnaiita uvivu, ya Waholanzi mnaiitaje?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu likiuzwa shilingi mia mbili na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Mlipoondoa mashairi mkaweka matangazo ya mikopo, nilinyamaza. Ila ile habari ya mwezi uliopita, ya wazazi wa pwani na arobaini zao, imenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Unaikumbuka. Ile yenye picha ya mama wa Kizungu anasukuma kigari cha mtoto, na maneno makubwa kwamba wenzetu siku ya pili tu wako madukani. Kisha mwandishi wako akatugeukia sisi. Kulala ndani siku 40, kukandwa, kufungwa mkaja, uji wa pilipili manga, vyote akavipanga fungu moja kama dagaa, akasema vinamrudisha mwanamke nyuma. Ningependa kumuuliza, huyo mama wa kigari alipomfuata mpaka nyumbani kwake, alimkuta nani jikoni?

Mimi nimefika. Binti yangu kaolewa Rotterdam, Uholanzi, na alipokaribia kujifungua nikakatiwa tiketi. Sandukuni nilitia kanga za kumfungia tumbo, pilipili manga na uwatu wa kuleta maziwa, maana nilijua nakwenda kulea mzazi. Naingia chumbani nakuta kitanda kimepandishwa juu ya magogo, kimo cha sentimeta 80 hivi, nikadhani nyumba ina panya. Mkwe wangu akanieleza kuwa ni kwa ajili ya mwanamke atakayekuja kumtunza mzazi, asiumie mgongo kwa kuinama; kitanda kikiwa chini, hafanyi kazi. Mwanamke gani tena? Na mimi nimekuja kufanya nini? Basi akaja kweli, na ndara zake ndani ya mkoba. Akampima mzazi joto, akamtazama mshono, akamminya tumbo kuona kama kizazi kinarudi, akampima mtoto uzito, akaonyesha ziwa linavyoshikwa. Nikasema sawa, nesi. Kumbe hajamaliza. Akasugua choo, akatia nguo kwenye mashine, akakaanga yai, na wageni waliokaa sana akawaonyesha mlango kwa tabasamu. Siku nane alikuja. Wenyewe wanaiita kraamzorg, na kawaida yake ni saa 49, inalipwa na bima ambayo kwao ni lazima kila mtu awe nayo. Mzazi anachangia euro chache tu kwa saa. Wageni wakipewa mkate mkavu ulionyunyiziwa mbegu za jamii ya shamari zilizovikwa sukari, za waridi na nyeupe kwa kuwa mtoto ni wa kike. Nikauliza mbegu za nini. Nikaambiwa tangu zamani wanaamini zinaleta maziwa. Uwatu wangu bado ulikuwa sandukuni, nilikuwa naona haya kuutoa.

Tuligombana mara mbili, kwa ishara, maana Kiholanzi sikijui. Ya kwanza ni dirisha, alilifungua baridi ile nami nikalifunga, mpaka leo naona nilikuwa na haki. Ya pili nilimfunika mtoto mablanketi matatu. Akaingiza mkono kisogoni akautoa una jasho, akanionyesha. Hapo alinishinda. Nilipomfunga binti yangu mkaja nilingoja ugomvi wa tatu. Akapitisha vidole viwili kati ya kanga na tumbo, akaashiria nilegeze kidogo. Nikalegeza. Basi.

Sasa, Mhariri, mgeni akimfulia mzazi na kumpikia siku nane kwa pesa ya bima, hayo ni maendeleo. Mama yake akimfanyia yaleyale siku 40 bila senti, ushamba. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!

Sisemi ya kwetu yote dhahabu. Maji ya kukandia yaliyochemka mno yameunguza watu, nimeona kwa macho yangu, na habari ya kumpa kichanga maji ya sukari kabla ya ziwa nimeipigia kelele mpaka nikanuniana na dada zangu. Wala simtumi mtu akazalie nyumbani. Utafiti wa serikali wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104, na wanaojifungulia vituoni wametoka 63 hadi 81 kwa kila mia. Hospitali inaokoa. Hasira yangu mimi inaanzia getini.

Mwaka juzi mke wa mwanangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Tukampeleka hospitali moja ya mkoa huuhuu, siitaji. Mlinzi akampitisha yeye na kikapu chake, glovu, pamba, wembe, doti ya kanga, mimi akaniambia saa ya kuona wagonjwa bado. Nikakaa nje juu ya tofali na chupa ya chai mpaka kumekucha. Ndani kulikuwa na nesi mmoja na wazazi saba. Binti wa watu aliita mara tatu. Mtoto akatoka yeye kashikilia chuma cha kitanda, na aliyempigia kelele za msaada ni mwenzake wa kitanda cha pili, naye uchungu umemkamata. Asubuhi nikawakuta wamelazwa wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, vichanga katikati. Nesi simlaumu hata kidogo, ana mikono miwili. Lakini nami nilikuwa na miwili, haina kazi, iko nje inashika chai inayopoa! Kwa nini? Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mwanamke aliye kwenye uchungu awe na mtu wake anayemtaka. Hilo mwandishi wako hakuliona, kaona uji.

Na kwa kuwa kalamu imeshashikwa, likizo nayo. Sheria ya Ajira inampa mama siku 84, 100 akizaa mapacha, na baba siku 3. Siku tatu hizo mwanangu alizimaliza kwenye foleni za risiti. Mkewe siku ya thelathini hivi akapigiwa simu na bosi, ufunguo wa kabati uko wapi. Mkwe wangu wa Rotterdam alipewa wiki nzima kwa mshahara kamili, na wiki tano nyingine kwa asilimia 70. Nisimsifu mno, siku mbili kati ya hizo alikuwa anatengeneza baiskeli.

Basi mwandishi wako, siku nyumbani kwake kukiwa na mzazi, ampeleke madukani siku ya pili kama alivyoandika. Nitakuja kumbebea kikapu.

Kwa hospitali nina ombi moja: kigoda. Kila kitanda cha leba kiwe na kigoda cha miguu mitatu, na juu yake akae mama, dada, au somo wa mzazi. Awe ameoga, kavaa gauni safi, na simu kaiacha kwa mlinzi ili naye apate cha kulinda. Mkisema hakuna faragha, kanga moja na kamba vinatosha kuwa pazia. Nimeshaongea na fundi seremala wa mtaani kwetu, mbao za mwembe anazo. Vigoda kumi vya kwanza nalipia mimi, niambieni tu nivipeleke geti gani.

Bibi wa Wajukuu Wanne,
Ngamiani, Tanga